Kredi ni jasho letu



Mwenzetu akisoma mwaka mmoja hapa Baraka, kisha akitaka kuendelea Bukavu, ataulizwa kwanza: karatasi ya alama iko wapi? Kama hana, ataanza upya, na makuta ya mama muuza ndagala yatakuwa yamepotea bure.

Mfumo wa LMD unahesabu kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Kredi ni za mwanafunzi. Basi kila mwisho wa mwaka tudai karatasi yenye masomo yote, kredi zake, saini na muhuri. Tusingoje siku ya safari.

Na ninyi wakubwa wa vyuo: mtoto akiisha kulipa na kufaulu, mpeni karatasi yake!