Mwezi Umeandama: Nani Aliyeuona?

Leo tutazungumza juu ya ubishi mnaoujua sana, hata ninyi msiofunga. Ni jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, na watu wamekaa barazani. Mmoja anasema, "Mwezi umeandama, kuna mtu ameuona." Wa pili anajibu, "Haiwezekani, hesabu inakataa." Wa tatu anauliza, "Huyo aliyeuona ni nani?" Sauti zinapanda. Kesho yake nyumba moja inafunga na nyumba ya pili inakula sikukuu, na ndugu hawapeani mkono wa Idi.

Tumsikilize kwanza mtu wa hesabu. Mwezi hauna mwanga wake. Tunachokiona ni mwanga wa jua ulioangukia juu yake. Unapopita upande wa jua, uso wake wenye mwanga huwa umetupa kisogo. Toka kupita huko mpaka kupita tena ni siku 29, saa 12 na dakika 44, kwa wastani. Ile nusu siku ndiyo sababu mwezi mmoja huwa na siku 29 na mwingine 30. Mtaalamu wa nyota aweza kukuambia mapema mwezi utatua saa ngapi. Kama leo umetua kabla ya jua, basi aliyeuona baada ya magharibi ameona kitu kingine, pengine kipande cha wingu.

Lakini mwulize mtaalamu huyo kama kesho ni haramu kufunga. Hesabu yake haina neno hilo. Hilo ni la dini, nayo dini tangu zamani imewaagiza watu watazame mbingu, na imetaka ushahidi wa mtu mwaminifu.

Sasa yule wa tatu, ambaye wenziwe humwona msumbufu. Swali lake ni la falsafa, ingawa huenda yeye ni mvuvi asiyejua neno hilo. Anauliza: tunajuaje kwamba tunajua? Mtu mkweli naye aweza kukosea. Macho huchoka, na anayetamani sikukuu huona upesi. Kumwambia mtu "umekosea" si kumwambia "umesema uongo". Nadhani ugomvi mwingi wa barazani ungepoa kama maneno haya mawili yasingechanganywa.

Mtazameni kadhi anapomhoji shahidi. "Ulikuwa upande gani wa mahali jua lilipochwa? Pembe zake zilielekea wapi?" Pembe za mwezi mwandamo siku zote hulipa jua mgongo. Shahidi akisema zilielekea jua, basi macho yamemdanganya, hata akiwa mcha Mungu wa kwanza mtaani. Hapo kadhi ametumia dini, sayansi na falsafa kwa swali moja fupi, wala hakumvunjia mtu heshima.

Na ukiletwa kwa redio mwezi ulioonekana nchi ya mbali, je, ni mwezi wetu? Huko magharibi jua huchwa baadaye, na mwezi umekwisha kusogea mbali nalo zaidi. Kwa hiyo huweza kuonekana kule jioni ileile tuliyoukosa sisi. Kama tuufuate au tusiufuate, wanavyuoni wenyewe hawana neno moja.

Zoezi. Mwezi ukikaribia kuandama, tokeni watatu watatu, mtazame magharibi jua likiisha kuchwa. Kila mmoja aandike alichokiona kabla ya kusema na mwenzake. Karatasi hizo zileteni darasani.