Vyeo vya Elimu Viandikwe kwa Ukweli

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Bukoba na Muleba)



Katika Mkoa wa Kagera elimu ina heshima ya siku nyingi. Seminari ya Rubya iliyoko Muleba, na shule za Ihungo, Nyakato na Kahororo za Bukoba, zimetoa wasomi waliolitumikia Taifa katika kila idara. Ndiyo maana watani wa Wahaya husema kwamba Mhaya hamalizi kusalimia kabla hajaitaja shahada yake. Utani ni utani, na wanaotaniwa huucheka. Lakini nyuma yake lipo jambo la kuzungumzwa kwa makini: namna vyeo vya kitaaluma vinavyoandikwa na kutamkwa katika ofisi, katika shule na mbele ya wananchi.

Cheo cha kitaaluma ni ushahidi. Kinamweleza msomaji kwamba mwenye jina hilo alisomea fani fulani, akatahiniwa, akafaulu, na kwamba kipo chuo kilicho tayari kuulizwa habari zake. Ushahidi huo ukitolewa isivyo, anayeumia ni mwananchi. Mgonjwa aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Bumbire, akisikia mtu anaitwa "Daktari", hana njia ya kujua kama huyo ni daktari wa tiba, ni afisa tabibu, au ni bingwa wa historia. Yeye ameukabidhi mwili wake kwa neno moja tu.

Nchi hii imekwisha kuonja uchungu wa ushahidi wa uongo. Uhakiki wa vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu, ambao taarifa yake alikabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Anayejiongezea herufi asizozipata chuoni hajaghushi karatasi, lakini ameianza njia ile ile.

Basi yafaa kanuni zifahamike. Kwanza, anayeandika "Dk." mbele ya jina asiandike tena "Ph.D." nyuma yake, maana hayo ni maneno mamoja yaliyosemwa mara mbili. Pili, uprofesa si shahada. Ni cheo cha kazi ambacho chuo kikuu humpa mwalimu wake kwa utafiti na ufundishaji. Tatu, mwanafunzi wa uzamivu ni mwanafunzi mpaka siku chuo kitakapomtunuku. Nne, herufi za taaluma zinazotokana na usajili, kama CPA ya wahasibu, mahali pake ni baada ya jina. Mtindo wa kuzitanguliza kana kwamba ni "Ndugu" au "Bibi" hauna msingi. Tano, udaktari wa heshima ni tunzo kwa utumishi uliotukuka, nao unastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, katika maombi ya kazi na kumbukumbu za utumishi utajwe kwa jina lake kamili, kwa kuwa hauhesabiwi kuwa sifa ya masomo.

Ipo pia haja ya kujua herufi zimetoka wapi. Kati ya mwaka 1963 na 1970, wahitimu wa Dar es Salaam, Makerere na Nairobi walitunukiwa shahada za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wakaandika "B.A. (E.A.)". Mabano yale yalimwonyesha msomaji mahali pa kuuliza. Aidha, herufi zile zile zaweza kuwa na maana mbili. M.A. ya vyuo vikuu vya kale vya Scotland ni shahada ya kwanza, ilhali ya Dar es Salaam ni ya uzamili. Kwa shahada za nje, mwenye mamlaka ya kuzitambua nchini ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwajiri mwenye shaka aulize huko, asitegemee minong'ono.

M.A. hiyo ya Scotland ndiyo aliyoipata Julius Nyerere mjini Edinburgh mwaka 1952, baada ya kupata stashahada ya ualimu Makerere. Baadaye vyuo vingi vya dunia vilimtunuku udaktari wa heshima. Wananchi waliendelea kumwita Mwalimu, na jina hilo la kazi aliyoifanya Tabora na Pugu lilimtosha mpaka mwisho wa maisha yake.

Mfano mwingine umo humu humu Kagera. Laurean Rugambwa alisoma Rubya, akapata udaktari wa sheria za Kanisa mjini Roma, akawa askofu Rutabo, na mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati hizi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa daktari. Watu walikumbuka kazi.

Haisemwi hapa kwamba shahada zifichwe. Katika wasifu wa mwombaji kazi, katika kitabu cha taaluma na katika orodha ya wahadhiri, ziandikwe zote kwa usahihi. Lakini katika muhtasari wa mkutano wa kijiji, barua ya rambirambi au kadi ya harusi hazina kazi. Mzee aliyesomesha watoto kwa kahawa ya Kamachumu huitwa "Ta" kwa heshima kamili, na hakuna chuo kilichompa.

Walimu wakuu na wakuu wa idara waanze na mambo mawili. Wapitie majina yaliyobandikwa milangoni na katika barua za ofisi zao, na kila cheo kilinganishwe na cheti kilichomo katika jalada la mhusika. Kisichokuwa na cheti kiondolewe bila kelele wala fedheha. Mtoto wa shule anayesoma kibao kile kila asubuhi ana haki ya kusoma jambo la kweli.