Aliyejeruhiwa na Sheria: Uponyaji wa Kiwewe cha Ubaguzi wa Rangi na Somo la Afrika Kusini



Nimekuja na hoja moja. Ubaguzi wa rangi huijeruhi nafsi ya mtu, lakini hauanzii ndani ya nafsi hiyo. Huanzia katika sheria, ofisini, darasani, na wakati mwingine madhabahuni. Kwa hiyo tiba yake haiwezi kuishia ndani ya chumba cha mshauri. Ushauri nasaha, saikolojia na imani huponya pale vinapomtaja aliyejeruhi na kumrudisha aliyejeruhiwa katikati ya watu wake. Nitaitetea hoja hii kwa kisa cha Afrika Kusini.

Nchi hiyo haiko mbali nasi. Baada ya polisi kuwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi waliivuka mipaka wakakimbia utawala wa makaburu. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Leo majengo yale ni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na makaburi ya waliofia uhamishoni bado yako pale. Kiwewe ninachokizungumzia kiliwahi kulala katika mabweni ya Mazimbu.

Taaluma na dini zilizowahi kujeruhi

Mwaka 1950 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi. Pale sura ilipowatatiza maofisa, walichomeka penseli kwenye nywele za mtu. Ikidondoka, alihesabiwa upande mmoja. Ikinasa, upande mwingine. Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi waliohesabiwa kuwa Wazungu. Akiwa na umri wa miaka 10, polisi walimtoa shuleni kwa sababu ngozi na nywele zake hazikuwaridhisha wakubwa, naye akaandikwa upya kuwa chotara. Mtoto yule hakuwa na kosa la kutubu wala tabia ya kurekebisha. Kilichokataliwa ni mwili wake wenyewe, na waliomkataa walikuwa na muhuri wa serikali.

Hendrik Verwoerd, aliyetajwa na wengi kuwa msanifu mkuu wa mfumo huo, aliwahi kuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mwaka 1962 chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo kiligawanyika kwa sababu ya kuwapokea wanachama wasio Wazungu. Waliopinga walijitenga wakaunda chama chao. Kanisa la Kireformati la Kiholanzi nalo liliutafutia utengano huo hoja katika Biblia, hata mwaka 1982 makanisa ya Kireformati ya dunia, yaliyokutana Ottawa, yakatamka kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa jina la Mungu ni uzushi.

Mtu aliyeumizwa kwa jina la sayansi na kwa jina la Mungu ana haki ya kuusogelea mlango wa mshauri, au wa kanisa, kwa wasiwasi. Wasiwasi huo si ugonjwa, ni kumbukumbu. Kazi ya kwanza ya mganga yeyote hapa ni kukiri mbele ya mgonjwa kile ambacho taaluma yake iliwahi kufanya.

Kiwewe ambacho hakijapita

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi katika mwongozo wao maradhi ya msongo yanayomwandama mtu baada ya tukio la kutisha. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini fikra yake ilijengwa juu ya tukio lililopita: vita imekwisha, ajali imetokea, sasa tumsaidie mtu aamini kwamba yuko salama.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Afrika Kusini, mwanasaikolojia Gill Straker na wenzake walikutana na vijana wa vitongoji waliojificha katika hifadhi za kanisa. Polisi walikuwa wakiwasaka. Mshauri angemwambiaje kijana kama huyo kwamba hatari imepita, na kesho anaweza kukamatwa? Na angepangaje vikao 10 ilhali hana hakika ya kumwona mara ya pili? Mwaka 1987 waliandika juu ya kiwewe kisichokoma, na juu ya namna ya kukifanya kikao kimoja kitoshe: kumsikiliza kijana mpaka mwisho, kumweleza kwamba kutolala na kushtuka kwake ni jibu la mwili wenye afya mbele ya hatari ya kweli, na kumwachia nguvu aliyokuja nayo badala ya kumfungulia kidonda asichoweza kukifunga peke yake.

Huu ndio mchango mkubwa wa saikolojia katika jambo hili: kumwondolea mtu dhana kwamba kasoro ni yake. Chabani Manganyi, mmoja wa wanasaikolojia wa tiba Waafrika wa mwanzo nchini humo, aliandika mwaka 1973 juu ya maana ya kuishi ulimwenguni ukiwa mweusi, na namna ubaguzi unavyomfanya mtu auone mwili wake kama adui. Kabla yake Frantz Fanon, daktari wa akili katika hospitali ya Blida nchini Algeria, alijiuzulu mwaka 1956 kwa kuwa aliona haiwezekani kuwatibu watu huku utawala wa kikoloni unawavuruga akili kila siku.

Kusikilizwa hadharani

Utawala wa makaburu ulipokwisha, tarehe 15 Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kusikiliza mashahidi mjini East London, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Vikao vilifunguliwa kwa sala. Kando ya kila shahidi aliketi mtu aliyeandaliwa kwa kazi ya kumtuliza: alimpa maji, alimpa kitambaa, alimshika mkono.

Siku ya pili alikuja Nomonde Calata. Mumewe, Fort Calata, aliuawa na polisi pamoja na wenzake watatu wa mji wa Cradock mwezi Juni 1985. Akiwa katikati ya maelezo yake alijirusha nyuma akatoa kilio kilichoujaza ukumbi. Kikao kikaahirishwa. Waliporudi, Tutu alianzisha wimbo wa maombolezo na ukumbi mzima ukaupokea. Kwa dakika zile msiba wa mjane ulikuwa msiba wa umma, kama inavyotakiwa kuwa.

Katika kikao kingine cha mwezi huohuo, Lukas Sikwepere, aliyepofushwa kwa risasi ya polisi, alieleza kwamba kilichomfanya augue miaka yote ni kukosa wa kumsimulia, na kwamba baada ya kusimulia anajihisi kama mtu aliyerudishiwa macho. Dola ilikuwa imekana maumivu yake hadharani. Hadharani palepale ilibidi yakubaliwe.

Kuwarudisha waliopotea

Padri Michael Lapsley alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyejiunga na ANC. Mwezi Aprili 1990, mjini Harare, alifungua bahasha yenye magazeti ya dini. Bomu lililofichwa ndani likamkata mikono yote miwili na kumharibu jicho. Mwaka 1998 alianzisha Cape Town taasisi ya kuponya kumbukumbu. Watu wa rangi na imani tofauti hukaa pamoja siku chache, huchora maisha yao kwa kalamu za rangi, kisha husimuliana katika vikundi vidogo na kumaliza kwa ibada wanayoitunga wenyewe. Hakuna anayeshurutishwa kusamehe. Nalisisitiza hili kwa viongozi wa dini mlio hapa: msamaha unaodaiwa kabla ya ukweli ni jeraha jingine.

Mila nazo zina kazi ambayo kliniki haiwezi kuifanya. Tangu mwaka 2005 kuna kikosi cha serikali kinachotafuta mabaki ya waliouawa na kuzikwa kwa siri. Familia nyingi za Kizulu na Kixhosa huenda mahali ndugu yao alipofia na tawi la mti wa jamii ya mkunazi. Mzee humwita marehemu kwa jina na kumweleza kila hatua ya safari: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto, sasa tumefika nyumbani. Wapo wanaomlipia kiti garini. Sisi wenye matanga, hitima na matambiko tunaelewa mara moja. Mama asiyejua mwanawe alikolala hawezi kuambiwa amalize kuomboleza. Hajapewa pa kuanzia.

Deni

Hata hivyo, machozi ya ukumbini hayakutosha. Tume ilipendekeza waathirika walipwe kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali iliamua kuwalipa waliotambuliwa randi 30,000, mara moja. Polisi walioomba msamaha wa kisheria kwa mauaji ya Calata na wenzake walinyimwa mwaka 1999, lakini hawakushtakiwa. Uchunguzi wa vifo hivyo ulianza upya mahakamani mwezi Juni 2025, miaka 40 baadaye. Familia iliyokwisha kulia mbele ya dunia nzima ililazimika kurudi kuketi na kusikiliza tena. Ukweli usiofuatwa na haki humchosha aliyeusema.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wakufunzi wa ushauri nasaha tuwafundishe wanafunzi kuuliza, pamoja na "unajisikiaje", swali hili: "nani alikutendea haya, na kwa idhini ya nani?" Viongozi wa dini fungueni milango kwa maombolezo marefu bila kuyakatiza kwa wito wa kusahau. Na wanahistoria wetu wakusanye simulizi za wazee waliowapokea wakimbizi wa Mazimbu, kwani nao ni mashahidi, na umri unakwenda.

Aliyejeruhiwa na sheria anastahili kuponywa na jamii yenye sheria njema. Mshauri, mwanasaikolojia na kiongozi wa dini watamsaidia kusimama; kumjengea nchi ambamo hatasukumwa tena ni wajibu wetu sote.