Ubora wa Huduma katika Makazi ya Wazee Upimwe kwa Siku ya Mzee

Mada hii inahusu makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali hapa Tanzania, kama vile Nunge, Kolandoto, Bukumbi na Fungafunga. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kupima huduma kwa vitu vilivyoingia getini: mabweni yaliyokarabatiwa, magodoro, magunia ya mchele yanayoletwa wakati wa sikukuu. Hivyo vyote vinahitajika, na wanaovitoa wanastahili shukrani. Lakini vinatuambia makazi yamepokea nini, havituambii mzee ameishije. Kipimo cha haki ni siku ya mzee mwenyewe tangu anapoamka hadi usiku wa manane: nani alimhudumia, kwa namna gani, na yeye aliamua nini.

Tuanze na mzee asiyeweza kujigeuza kitandani. Akilala upande mmoja kwa saa nyingi, uzito wake hubana damu isifike vizuri kwenye ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Ngozi hudhoofika, huchubuka, kisha hugeuka kidonda kinachoweza kufika mfupani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mhudumu hana budi kugusa na kuhisi kama pana joto au ugumu usio wa kawaida. Godoro jipya husaidia, ila halimgeuzi mtu. Vivyo hivyo kwa chakula: orodha ya mapishi inaweza kuonyesha nyama, na mzee asiye na meno akalala na njaa kwa kuwa hakuna aliyemlainishia. Stoo imejaa, sahani imerudi jikoni kama ilivyotoka, na taarifa ya mwezi inasomeka vizuri.

Ushahidi kwamba uamuzi wa mzee nao ni sehemu ya huduma upo. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika nyumba ya wazee jimboni Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja walikumbushwa kuwa mambo yao ni juu yao kuyaamua, wakapewa miche waitunze wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa miche pia, lakini wakaelezwa kuwa wauguzi ndio watakaoitunza. Baada ya majuma matatu, wale wa kundi la kwanza walionekana wachangamfu na wenye kushiriki zaidi katika shughuli za nyumba. Utafiti huo ulikuwa mdogo na mazingira yake si yetu, hivyo tusiubebeshe zaidi ya uwezo wake. Funzo lake kwetu ni kwamba jengo lilikuwa moja, na tofauti ilitokana na jinsi wazee walivyotendewa. Mwaka 1987 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka nyumba zinazopokea fedha za serikali kuu kumpima kila mkazi, kumwandalia mpango wake wa huduma na kukaguliwa bila taarifa. Haikumaliza matatizo yote, lakini ilielekeza macho ya mkaguzi kwa mkazi badala ya jengo pekee.

Najua pingamizi la kwanza: bajeti ni finyu na wahudumu ni wachache. Ni kweli, na mhudumu mmoja mwenye wazee wengi hawezi kufanya miujiza. Ajira zaidi lazima zidaiwe. Hata hivyo, kubisha hodi kabla ya kuingia, kumuuliza bibi anataka kuoga asubuhi au jioni, na kuandika saa aliyogeuzwa, havihitaji fungu jipya. Tena kidonda kikishaingia, dawa, bandeji na safari za hospitali hugharimu zaidi kuliko kukizuia.

Pingamizi la pili linasema mahali pa mzee ni kwa wanawe, kwa hiyo tusiyaboreshe makazi hadi yawe kishawishi cha watu kutelekeza wazazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliitambua familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi kuwa hatua ya mwisho. Lakini wapo wasio na watoto, na wapo, hasa Kanda ya Ziwa, waliokimbia vijiji vyao kwa kutuhumiwa uchawi. Kuwatunza vibaya hakumrudishi mtoto yeyote kwenye wajibu wake. Mtu aliyefika hatua ya mwisho hana pengine pa kwenda akidhulumiwa, na hilo ndilo linalotuongezea wajibu. Wengine watasema mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kuamua. Huenda asiweze kuamua kuhusu upasuaji, lakini akigeuza uso mbele ya kijiko ametoa jibu, na mhudumu anayemfahamu hulielewa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mzee awe na daftari la kila siku linaloonyesha alichokula, alivyogeuzwa, hali ya ngozi yake na alichokitaka. Pili, wazee wenyewe wachague kamati itakayokutana na mfawidhi kila mwezi, na maazimio yaandikwe ili mkutano unaofuata uulize yametekelezwaje. Tatu, maofisa ustawi wa jamii wakague kwa kushtukiza, usiku pia, wakianzia kitandani kwa mzee kabla ya kufungua stoo. Mfadhili anayeleta mchele naye aonyeshwe muhtasari wa madaftari hayo bila majina ya wazee, ili msaada wake ufuate mahitaji yao. Makazi yatakayoshindwa kueleza siku ya mzee mmoja yasihesabiwe kuwa yanatoa huduma bora, hata kama kuta zake zimepakwa rangi jana.