Wito Usiofika: Mintarafu ya Kutengua Hukumu ya Upande Mmoja



Kila mwaka ifikapo Oktoba, korosho zianzapo kudondoka, watu wengi wa uwanda wa Makonde huzifunga nyumba zao za kijijini wakahamia mashambani, wakalala vibandani chini ya mikorosho na kuokota mchana kutwa hadi mavuno yaishe. Basi na tumkadirie mtu mmoja miongoni mwao, ambaye akirudi kwake mvua zimekwisha kushika, akikuta mlangoni mabaki ya karatasi iliyofifia wino, kisha akiambiwa na jirani kwamba ile ilikuwa hati ya wito, na kwamba shauri limekwisha sikilizwa naye hayupo, na kwamba shamba alilorithi kwa mjomba wake kwa desturi ya kale ya Wamakonde sasa limehukumiwa kuwa mali ya khasimu wake, hatauliza kwanza kama hakimu alikosea sheria. Atauliza: ni nani aliyeniita? Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nami naona vema, maadamu tumo chuoni, kukumbusha kwamba moja ya hukumu mashuhuri za Uingereza katika jambo hili ilikilaumu chuo kikuu. Mwaka 1718 Chuo cha Cambridge kilimvua Dakta Richard Bentley shahada zake bila kumpa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1723 mahakama ikaamuru arudishiwe, na jaji mmoja akasema kwamba hata Mwenyezi Mungu, aliyejua yote yaliyotendeka bustanini, hakumhukumu Adamu pasipo kwanza kumwita na kumwuliza. Wala hoja hiyo si ngeni kwetu. Waislamu wa Newala wanaijua hadithi ya Mtume alipomwusia Ali, akimtuma Yemen kuwa kadhi, asikate shauri baina ya wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Na Wakristo wa Masasi, ambako misheni iliingia mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wanamjua Nikodemo, aliyewauliza wenziwe kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia.

Katika nchi yetu asili hiyo imepata nguvu ya Katiba tangu haki za binadamu zilipoingizwa humo mwaka 1984, kwa ibara ya 13(6)(a). Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ikatamka wazi kwamba haki ya kusikilizwa si kanuni tu tuliyorithi kwa Waingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Na katika Maombi ya Madai Namba 33 ya mwaka 2002 ikaongeza kwamba uamuzi uliovunja haki hiyo hubatilika, hata kama uamuzi ungekuwa uleule lau mtu yule angesikilizwa. Nawasihi wanafunzi wangu wayatie moyoni maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa aghalabu nasikia ikiulizwa: huyu aombaye kutenguliwa hukumu, je, ana utetezi wa maana? Kwa mtu aliyeitwa akakosa kufika, swali hilo lina mahali pake. Kwa mtu ambaye hakuitwa kabisa, halina.

Njia yenyewe ni fupi. Amri ya Tisa ya Sheria ya Mwenendo wa Madai humruhusu mdaiwa kurudi mbele ya mahakama ileile iliyomhukumu, akaeleza sababu ya kutosha iliyomzuia au akathibitisha kwamba hakupelekewa wito ipasavyo; na kwa mashauri ya ardhi, kanuni ya 11 ya Kanuni za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya za mwaka 2003 inatoa mlango kama huo. Muda ni siku 30. Lakini siku hizo 30 zaweza kumalizika ilhali mwenye shamba bado yuko kibandani akichambua korosho, naye analazimika kwanza kuomba aongezewe muda kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, ombi juu ya ombi, kwa kosa ambalo si lake. Hapo naona taksiri kubwa: muda wa mtu asiyeitwa ungestahili kuhesabiwa tangu siku aliyopata khabari.

Walakini tusimsahau mdai. Wako wadaiwa wanaomkimbia msambaza nyaraka, wanaojificha uani wakimtuma mtoto kusema baba hayupo, na kubandika hati mlangoni kuliwekwa kwa ajili ya watu hao. Ninachodai ni kwamba hakimu, kabla ya kuikubali hati ya kiapo isemayo kwamba mdaiwa hakuonekana, aulize alitafutwa mwezi gani, alitafutwa wapi, na kama mwenyekiti wa kijiji aliulizwa alikokwenda; kwani katika kijiji cha Kitangari au Lukuledi hakuna asiyejua shamba la jirani yake liko upande gani. Na hata aliyeitwa kwa haki akakaidi bado ana stahili yake: katika shauri la Cosmas Construction, lililoripotiwa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba naye hana budi kujulishwa siku ya kusomwa hukumu.

Neno langu la mwisho nawaambia mawakili vijana. Siku mtu wa namna hii atakapowajia na karatasi yake iliyolowa, ombi la kusimamisha utekelezaji lifunguliwe siku hiyohiyo pamoja na ombi la kutengua, maana dalali wa mahakama hangoji, na mkorosho ukikatwa leo, mche utakaopandwa mahali pake utataka miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa.