Kazi Haiombwi kama Sadaka: Maneno kwa Matabibu Vijana wa Kitengela na Kajiado



Ndugu zangu na dada zangu, leo naongea na nyinyi mliosomea utabibu. Umesoma miaka 3, ukafanya mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, na sasa umekaa nyumbani Kitengela, simu mkononi, unangoja mtu akupigie.

Mimi pia nilingoja. Mwishowe nikachukua kazi kwenye kliniki ya binafsi bila karatasi yoyote. Niliambiwa, "Wewe anza tu, tutaandikiana." Miezi 8 mshahara ukaja vipande vipande. Siku niliyodai changu, nikaulizwa: mkataba uko wapi? Nikanyamaza, nikaenda zangu.

Wallahi, sikujua kwamba swali lile lilikuwa langu kumuuliza yeye! Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi 3 na zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Nilipoteza haki yangu kwa kutojua tu. Wewe usirudie kosa hilo.

Basi shikeni haya.

Kwanza, leseni. Ukishasajiliwa na Baraza la Matabibu, huisha leseni yako kila mwaka. Mtu akikwambia ufanye kazi kwa leseni ya mwingine, kataa. Mgonjwa akidhurika, utakayetafutwa ni wewe.

Pili, msimalize pesa za wazazi kwa vyeti. Tangu 2022 sheria inasema mwajiri ataomba cheti cha tabia njema, vibali vya HELB, KRA na vinginevyo baada ya kukupa ofa ya kazi, si wakati wa kutuma maombi.

Tatu, kaunti. Panda matatu uende mpaka Kajiado mjini, ujue ofisi ya Bodi ya Utumishi wa Umma iko wapi, na ufuate matangazo yake. Nafasi lazima zitangazwe wazi. Ukiambiwa "hizi ni za wenyeji," kumbuka Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti. Na Katiba, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini. Jina lako au hijabu yako si sababu ya kukunyima kazi.

Ukihisi umeonewa, usiishie kulalamika kibarazani. Andika rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Siku zikipita, itabaki kwa Tume kuamua kama kuna sababu ya kukupokea.

Nne, chai. Mtu akikwambia toa kitu kidogo jina lipite, jua kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Kazi ya kununua utaifanya ukiwa na deni, na deni hilo atalilipa mgonjwa.

Tano, tusing'ang'anie Kitengela tu. Kajiado ni pana: kuna Magadi, Loitokitok, Namanga. Wagonjwa wako huko pia, na mazoezi utakayopata yatakusaidia ukirudi chuo kusomea watoto, macho au dawa za usingizi.

Mwisho, msitembee peke yenu. Mwaka 2024 matabibu wa Kenya waligoma siku 99, na dai mojawapo lilikuwa ajira ya kudumu kwa wenzao wa mikataba. Jiunge na chama chako mapema, usingoje hadi yakufike.

Leo usiku weka nakala ya kila karatasi yako pamoja: vyeti, leseni, barua, hata jumbe za simu. Nisingefukuzwa mikono mitupu kama ningefanya hivyo.

Mtumie mwenzako aliye nyumbani maneno haya. Wabillahi tawfiq.