Msamaria wa Ujiji



Wageni hushuka Ujiji kutazama mnara wa Livingstone na Stanley. Huoneshwa miembe, hupiga picha, huondoka. Kwangu mimi kisa chenyewe ni kile kilichotangulia kabla Stanley hajafika.

Oktoba 1871 Livingstone aliingia Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, amebaki mifupa. Alitegemea kukuta vitambaa na shanga zake, maana ndizo zilizokuwa fedha za njia ya misafara. Akakuta aliyekabidhiwa ameshaziuza zote. Katika shajara yake alijifananisha na yule msafiri wa Luka sura ya 10, aliyevamiwa na wanyang'anyi akishuka Yeriko. Akaongeza kwamba yeye hakutazamia kuhani, Mlawi wala Msamaria apite njia hiyo. Kumbe Msamaria alikuwa papo hapo mjini. Asubuhi moja, walipobaki wawili tu, Said bin Majid, Mwarabu mfanyabiashara wa pembe, alimweleza kwamba hana bidhaa ila ana pembe. Akamsihi amruhusu auze baadhi, ampe yeye bidhaa. Tazameni adabu hiyo: hakulisema barazani, mzee wa watu asije akaaibika. Livingstone akamjibu asubiri kwanza.

Simtakasi Said. Misafara ile ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na Livingstone aliilaani huku akila kwa wenyewe. Lakini mfano wa Luka haukusimuliwa ili tumpe mtu cheti cha usafi. Yesu alimchagua makusudi mtu ambaye wasikilizaji wake walimdharau, akamfanya mwalimu wao.

Utumwa kama huo, ila kwa njia ya jangwa la Sahara, ulimteka Adrien Atiman akiwa mtoto, huko karibu na Timbuktu. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye mwambao wetu huuhuu. Alitibu na kufundisha dini hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Miaka 67! Aliokolewa na wengine. Deni akalilipa kwa watu wa Karema ambao hawakuwa wamemfanyia lolote. Akaoa kwao, akazeekea kwao.

Tusidhani hayo ni ya kale. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Gati halikuwapo, hivyo MV Liemba ilitia nanga mbali kidogo, na mitumbwi ndiyo iliyowatoa watu ufukweni hadi melini, wapelekwe Kigoma mjini na kisha kambini Nyarugusu. Kubeba mgonjwa wa kipindupindu mtumbwini ni kuhatarisha wanao nyumbani. Yakobo katika waraka wake anawasuta wanaomwaga mwenye njaa kwa maneno matamu, aende zake akashibe. Kagunga maneno yasingefaa kitu. Mgonjwa alikuwa amelala mlangoni.

Wakuu wa vyuo vyetu vya theolojia, nawaomba jambo moja. Mnawafundisha vijana Agostino na Luther, na ni vyema. Wafundisheni na Atiman. Kisha wapelekeni Nyarugusu kwa muhula mzima, wakafanye kazi ndipo waje kuhubiri.